Kamera ya mfukoni au lenzi nzito: tathmini ya vifaa sita kwa kazi za mjini, ukumbini na mbugani

Mtu anayetaka kununua kamera leo, awe Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Nairobi, hukuta dukani njia mbili zinazotofautiana sana kwa uzito na kwa bei. Njia ya kwanza ni kamera ndogo yenye lenzi ya kudumu, inayoingia mfukoni mwa koti au kanzu, na ya pili ni kamera ya lenzi za kubadilisha, ambayo bodi yake, yaani kamera yenyewe bila lenzi, huwa si mzigo mkubwa, bali lenzi zake ndizo zinazojaza begi na kuchosha bega. Wauzaji wengi hujibu swali la mnunuzi kwa kumwonyesha idadi ya megapikseli, jambo ambalo kwa sasa halisaidii kuamua chochote, kwa kuwa kamera za aina zote mbili zina megapikseli za kutosha kuchapa picha ya kutundika ukutani. Katika tathmini hii ninavipima vifaa kwa maswali mawili tu: kile unachokipiga picha kiko umbali gani kutoka uliposimama, na kinamulikwa na mwanga kiasi gani. Vifaa vyenyewe ni Ricoh GR III, Sony RX100 VII na Sony RX10 IV upande wa kamera zenye lenzi ya kudumu, pamoja na lenzi tatu za kufungwa kwenye bodi, ambazo ni Canon EF 70-200mm f/2.8L IS III, Canon EF 50mm f/1.8 STM na Sigma 150-600mm ya daraja la Contemporary.

Kabla ya kuvieleza kimoja kimoja, ni vizuri msomaji ajue uzito wa lenzi unatokana na nini, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba lenzi kubwa ni nzito kwa kuwa ni ya teknolojia ya zamani. Namba ya f iliyoandikwa kwenye lenzi hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi, yaani zile milimita zinazotajwa kwenye jina la lenzi, kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la kipenyo cha milimita 71 hivi, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa kidogo kuliko hapo. Ndiyo maana 70-200 ya Canon ina uzito wa gramu 1,480 na hufungwa filta ya milimita 77. RX100 VII, yenye gramu 302 tu, nayo hutangazwa kwamba inafika milimita 200, lakini hizo ni milimita za kulinganisha na kihisi (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) kikubwa cha milimita 36 kwa 24. Urefu halisi wa lenzi yake unaishia milimita 72 kwa f/4.5, yaani tundu lake lina kipenyo cha milimita 16. Ukikokotoa eneo la duara hizo mbili utakuta kwamba lenzi kubwa inakusanya mwanga karibu mara 20 zaidi kwa pembe ileile ya kuona. Programu za kusafisha picha zinasaidia kupunguza chenga, yaani vidoa vinavyotapakaa kwenye picha iliyokosa mwanga, lakini haziwezi kurudisha mwanga ambao haukuingia kwenye kamera.

Hesabu hiyo ndiyo itakayotuongoza, na itatufikisha mahali ambapo wanunuzi wengi hawapatarajii: lenzi nzito hustahili uzito wake ukumbini kwenye harusi kuliko Serengeti.

Nianze na Ricoh GR III, iliyoingia sokoni mwaka 2019 kwa bei ya dola 899 za Marekani. Pamoja na betri na kadi ina gramu 257, ikizimwa unene wake hauzidi milimita 34, na ndani yake mna kihisi cha APS-C chenye megapikseli 24, yaani ukubwa uleule unaotumiwa na kamera nyingi za lenzi za kubadilisha za bei ya kati. Lenzi yake haivuti. Ni ya milimita 18.3, inayolingana na milimita 28 kwenye kihisi kikubwa, na tundu lake hufunguka hadi f/2.8. Mapungufu yake yanajulikana na hayana haja ya kufichwa: haina kitundu cha kuchungulia, haina flashi yake yenyewe, skrini yake haikunjuki, betri yake huisha baada ya picha zipatazo 200, na haina kinga ya vumbi wala ya maji. Hili la mwisho ni zito kwetu, kwa sababu vumbi likiingia ndani ya kamera ya lenzi ya kudumu huwezi kuifungua lenzi ukasafisha kihisi mwenyewe. Sharti kamera ipelekwe kwa fundi.

Pamoja na hayo yote, kwa kazi ya mjini sijatumia kifaa kinachoikaribia. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba kiasi kwamba mpiga picha hawezi kurudi nyuma hata akitaka, kwa hiyo pembe pana ya milimita 28 ndiyo inayoweza kuingiza mlango wa nakshi mzima pamoja na baraza lake na aliyeketi juu yake. Pale Jaws Corner, ambapo wazee hukaa wakinywa kahawa na kucheza bao, mpiga picha hahitaji kuvuta chochote. Anahitaji kamera isiyopiga kelele, inayowaka kwa haraka, na isiyomfanya mchezaji ainue uso kutoka kwenye kete zake. Shata ya GR III, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie, iko ndani ya lenzi na sauti yake haisikiki penye mazungumzo. Kamera hii pia ina njia ya kulenga kwa umbali uliopangwa kabla: mpiga picha huchagua mita moja, moja na nusu, mbili, mbili na nusu na kuendelea, kisha akibonyeza kitufe moja kwa moja hadi chini, kamera haitafuti fokasi bali inapiga papo hapo. Ukiiweka kwenye mita 2.5 kwa f/8, kila kitu kuanzia kwenye mita moja na robo hivi hadi mwisho wa kichochoro kitaonekana wazi. Mtoto anayepita mbio na mkate wa kumimina mkononi hupatikana kwa namna hiyo, ilhali kamera nyingi zenye mitambo ya kisasa zaidi huwa bado zinamtafuta.

Jambo la pili linahusu watu wenyewe. Mchuuzi mmoja wa samaki katika soko la Darajani aliiona kamera mkononi mwangu akaniambia, “Shekhe, mpige nguru huyu, mimi niache.” Nikamjibu, “Haya, mzee wangu, nguru peke yake,” nikasogea hadi nusu mita kutoka mezani, nikampiga nguru pamoja na viganja vya mchuuzi, kisha nikamwonyesha kwenye skrini naye akaridhika. Lenzi ya 70-200 haiwezi kulenga kitu kilicho karibu kuliko mita 1.2, na ili nguru mzima aingie kwenye picha ningelazimika kusimama ng'ambo ya njia, watu wakipita kati yetu, na yule mzee asingeweza kujua kama nimempiga yeye au samaki wake. Makubaliano ya mdomo baina ya watu wawili waliosimama karibu ni sehemu ya ubora wa kamera ndogo ambayo haiandikwi kwenye boksi. Hali kadhalika, mwenye lenzi kubwa huulizwa kibali mara nyingi zaidi na walinzi wa bandarini, wa masoko na wa majengo ya serikali, na wakati mwingine hurudishwa. Si haki kwamba mtalii mwenye simu apite na mpiga picha mwenyeji azuiwe, lakini hali ndiyo hiyo na mnunuzi anapaswa kuijua.

Swali linalofuata ni la haki kabisa: ikiwa ni pembe pana tu, kwa nini mtu asitumie simu? Mchana kweupe, kwa picha za kutumiwa ndugu, simu nzuri inatosha na sitamshauri mtu anunue GR III kwa ajili hiyo. Tofauti huonekana jioni Forodhani, wakati nusu ya uso wa muuza urojo inamulikwa na balbu na nusu nyingine imo gizani. Simu huunganisha picha kadhaa na kuling'arisha giza lote mpaka saa moja usiku inafanana na saa kumi, na moshi wa mishikaki unakuwa kama doa la rangi. Kihisi cha APS-C huacha giza libaki giza, na faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, inampa mpiga picha uwezo wa kuamua mwenyewe ni kiasi gani cha kivuli kionekane.

Sony RX100 VII sitakaa nayo sana. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima: kwenye gramu 302 wameweka lenzi inayovuta kuanzia milimita 24 hadi 200, kitundu cha kuchungulia kinachochomoza, na uwezo wa kupiga picha 20 kwa sekunde. Kwa safari ya familia mchana, kwa mechi ya watoto shuleni saa tisa alasiri, au kwa mtu anayetaka kamera moja tu isiyomsumbua, inatosha na inazidi. Hata hivyo kihisi chake cha inchi moja kina eneo lisilofika theluthi moja ya kile cha GR III, lenzi yake hufifia haraka mara tu unapoanza kuvuta, na bei yake ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa takriban dola 1,200. Kwa maoni yangu hiyo ni bei kubwa kwa kamera inayoishiwa na nguvu jua linapotua.

Sasa twende ukumbini. Kumbi za harusi za Dar es Salaam zina tabia yake: jukwaa la maharusi linamulikwa na taa za rangi zinazobadilika, meza za wageni ziko katika mwanga hafifu, na njia ya katikati ambayo mpiga picha angependa kuisimamia inamilikiwa na mpiga video na kamera yake iliyo juu ya stendi. Mambo yenye thamani hutokea mbali: machozi ya mama wa bibi harusi akiwa meza ya mbele, shangazi wanaoingia na zawadi huku wakicheza, mkono wenye hina ukipokea kijiko cha keki. Hakuna nafasi ya kusogea, na ukisogea unaharibu tukio lenyewe. Hapa 70-200 f/2.8 hufanya kazi ambayo hakuna kamera ya mfukoni itakayoifanya. Tuseme ukumbi unataka ISO (kiwango cha kamera kuukuza mwanga ilioupata) ya 3200 kwa f/2.8 na shata ya sehemu moja ya 250 ya sekunde. RX100 VII ikivutwa hadi mwisho, kwa f/4.5, itadai ISO 8000 na ushei kwa shata hiyohiyo, na tena kwenye kihisi ambacho eneo lake ni chini ya moja ya saba ya kihisi kikubwa. Uso wa mama utajaa chenga, na rangi ya ngozi, ambayo kwa watu weusi chini ya taa za zambarau ni jambo la kulindwa kuliko yote, itageuka kijivu.

Wapo wanaosema kwamba kitulizi cha mtikisiko kitatatua tatizo hilo. Hakitatatua. Kitulizi hutuliza mkono wa mpiga picha, lakini hakimtulizi shangazi anayecheza. Shata ikipunguzwa hadi sehemu moja ya 30 ya sekunde, meza na maua vitakuwa safi na mchezaji atakuwa mvuke.

Uzito wa gramu 1,480, ukiongeza bodi, unavuka kilo mbili kwa urahisi, na sherehe zetu hazina haraka. Anayeishika kamera hiyo tangu maharusi wanaingia mpaka keki inakatwa ataisikia kwenye kiganja, kwenye kiwiko na zaidi mgongoni. Mkanda mpana wa kupita begani kuelekea kiunoni unasaidia kuliko mkanda mwembamba wa shingoni unaokuja na kamera. Ni vizuri pia kujua kwamba uzito huu umeanza kupungua: Canon RF 70-200mm f/2.8 ya mwaka 2019, iliyotengenezwa kwa kamera zisizo na kioo cha kurudisha taswira, ina gramu 1,070 bila kishikio cha stendi, na ukiwa ukumbini gramu 410 zinazopungua utazifurahia sana. Bei yake, hata hivyo, iko juu zaidi. Kwa anayeanza biashara ya harusi, ushauri wangu ni kununua EF ya zamani iliyokwisha kutumika. Toleo la III la mwaka 2018, lililotoka kwa dola 2,099, lina mpangilio uleule wa vioo na toleo la II la mwaka 2010, tofauti kubwa ikiwa ni dawa iliyopakwa juu ya vioo ili kupunguza mng'ao na kurahisisha kufuta uchafu. Kulipa nyongeza kwa ajili ya tofauti hiyo si lazima.

Nisiwaache wasomaji wenye mfuko mdogo. Si kila lenzi ya kufungwa ni nzito, wala si kila lenzi nzuri ni ya bei ghali. Canon EF 50mm f/1.8 STM ina gramu 160, ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125, na ni praimu, yaani haivuti. Unasogea mwenyewe kwa miguu. Kwa f/1.8 inapitisha mwanga mara mbili na nusu kuliko f/2.8, na ikifungwa kwenye bodi ya APS-C hutoa pembe inayolingana na milimita 80, ambayo ni pembe nzuri sana kwa picha ya mtu mmoja au wawili. Umbo lake ni la plastiki, mota yake hulenga polepole kuliko ile ya lenzi za daraja la juu, na haina kitulizi. Lakini chumbani kwa bibi harusi anapopambwa, penye dirisha moja na kina mama wengi, ningechukua lenzi hii kabla ya 70-200, na mpambaji asingepata shida ya kunipisha. Mtu mwenye bodi ya kawaida iliyotumika na lenzi hii moja anaweza kufanya kazi ya kulipwa, na nimeona wengi wanaofanya hivyo kwa heshima kubwa. Lenzi kubwa wanaikodisha kwa siku ya sherehe tu, utaratibu ambao ni wa kawaida katika miji yetu mikubwa na ambao ninauunga mkono kikamilifu kwa yeyote asiyepata harusi kila wiki.

Mbugani mambo yanabadilika, na hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri unaosikika sana. Watu huambiwa kwamba bila lenzi ndefu na nzito safari ya Serengeti ni hasara. Ni kweli kwamba huwezi kumsogelea mnyama: katika eneo la Seronera magari hayaruhusiwi kuacha njia, abiria hawashuki, na chui aliyelala juu ya mgunga atabaki palepale alipochagua yeye. Milimita nyingi zinahitajika. Lakini tuzitazame lenzi ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzinunua. Sigma 150-600mm Contemporary, iliyotoka mwaka 2015 kwa dola 1,089, ina gramu 1,930, na ikivutwa hadi milimita 600 tundu lake ni f/6.3, yaani kipenyo cha milimita 95. Sony RX10 IV ya mwaka 2017, kamera nzima pamoja na betri, ina gramu 1,095, na lenzi yake inavuta kuanzia milimita 24 hadi 600 za kulinganisha. Urefu halisi ukiwa milimita 220 na tundu likiwa f/4, kipenyo ni milimita 55. Kwa hiyo Sigma inakusanya mwanga mara tatu tu zaidi, si mara 20 kama tulivyoona ukumbini, na kwa tofauti hiyo mpiga picha hubeba karibu kilo mbili za lenzi kabla hajafikiria bodi wala lenzi ya pili ya mandhari.

Saa mbili asubuhi, jua likiwa limepanda na mnyama akiwa amemulikwa vizuri, tofauti ya mara tatu haionekani kwenye picha ya kuchapwa kwa ukubwa wa kawaida. Kinachoonekana ni kwamba mwenye RX10 IV amepata simba kwenye milimita 600, halafu bila kufungua kitu chochote akapata kundi la nyumbu na upeo wa macho kwenye milimita 24, huku mwenye lenzi za kubadilisha akiwa amejifunika koti kichwani ili vumbi lisiingie kwenye kihisi wakati anabadilisha lenzi. Vumbi la majivu ya volkano linalofunika nyanda za kusini mwa Serengeti na Ndutu ni laini mno. Huingia kwenye zipu, kwenye masikio na kwenye kila kifaa kinachofunguliwa. Kamera ambayo haifunguliwi kabisa ina faida kubwa huko. Tena ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, nguo na viatu vikiwemo, na mfuko uwe laini usio na fremu ngumu. Bodi, Sigma na lenzi ya pili pamoja na chaja zake huchukua sehemu kubwa ya kilo hizo.

RX10 IV ina mipaka yake, nami siitetei kupita kiasi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hutua upesi, na dakika zile za mwisho ambapo chui huteremka mtini ndizo kamera hii inapoanza kuchoka. Katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, ndege wengi hukaa kwenye kivuli kizito hata saa sita mchana, na huko ningependa kuwa na Sigma kwenye bodi yenye kihisi kikubwa, au praimu ya f/4 kama uwezo ungekuwepo. Mpiga picha wa ndege hasa, ambaye atatoka alfajiri mwaka mzima kwa ajili ya kwenzi na chiriku, anunue lenzi nzito na asijute. Anayekwenda mbugani mara moja kwa mwaka na familia hana sababu hiyo. Bei ya RX10 IV ilipotoka ilikuwa takriban dola 1,700, ambayo ni fedha nyingi, lakini ni bei ya kifaa kizima, wakati dola 1,089 za Sigma ni za lenzi pekee.

Kuna jambo moja la mbugani ambalo halitatuliwi na kifaa chochote, nalo ni joto. Kuanzia saa nne asubuhi hewa iliyo juu ya ardhi huanza kucheza, na mnyama aliye mbali, kama vile faru weusi wa Ngorongoro ambao mara nyingi huonekana ng'ambo ya bonde, hutoka kwenye picha akiwa ametetemeka hata kwa lenzi ya bei ya gari. Milimita 600 hazimleti karibu. Zinaikuza hewa iliyopo kati yenu. Dawa ni kuamka mapema na kumwomba dereva azime injini kabla ya kila picha. Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, unaoweza kununuliwa mtupu na kujazwa Arusha au Karatu, ukiwekwa juu ya paa au dirishani hubeba lenzi nzito vizuri kuliko stendi ya miguu mitatu, ambayo ndani ya gari la watalii haina mahali pa kusimama.

Kwa fedha zangu, basi, ningepanga hivi. Mtu wa mjini, anayependa maisha ya barazani, sokoni na nyumbani, anunue GR III au dada yake GR IIIx ya mwaka 2021, inayolingana na milimita 40 na kufaa zaidi kwa wanaopendelea uso wa mtu kuliko mtaa mzima. Mtu wa safari achukue RX10 IV. Mpiga picha wa harusi aanze na bodi iliyotumika na 50mm f/1.8, akodi 70-200 hadi wateja watakapotosha, kisha anunue ya kwake, na begani mwake hapo hakuna njia ya mkato. RX100 VII ningeiacha, isipokuwa kwa anayesafiri sana na mwenye mkono usioweza kubeba zaidi ya gramu 300.

Anayenunua lenzi iliyotumika katika miji ya pwani achunguze kuvu kabla ya kitu kingine chochote. Unyevu wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam huotesha kuvu ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini, na 70-200 yenye vioo vingi huathirika kwa urahisi. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu, imulike kwa pembe kutoka upande wa nyuma na uchungulie mbele. Punje chache za vumbi hazidhuru picha, lakini nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui ni kuvu, na kuisafisha kunahitaji lenzi ifunguliwe yote. Baada ya hapo piga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, kwanza kwenye milimita 70 na kisha kwenye milimita 200, kwa f/2.8 mara zote mbili, na ulinganishe herufi za pembe ya kushoto na za pembe ya kulia; upande mmoja ukiwa umefifia kuliko mwingine, lenzi hiyo imewahi kuanguka. Zungusha pia pete ya kuvutia taratibu ukisikiliza kama kuna mchanga unaosaga, hasa ikiwa muuzaji anasema ilikuwa ikitumika kwenye harusi za ufukweni. Ukishaipeleka nyumbani, ihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na uvikaushe au kuvibadilisha vifuko hivyo kila masika.